Chanjo ya Homa ya Uti wa Mgongo: Uliza Herufi Kabla ya Kulipa

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mama mkwe wangu ana miaka 67 na Inshallah mwezi ujao anakwenda Umra. Ajenti amemwambia lazima achanjwe homa ya uti wa mgongo. Tulipokwenda kuuliza bei, nesi akasema afadhali na watoto wachanjwe, kwa sababu nyanya yao akirudi anaweza kuwaambukiza. Ninao wawili: mdogo wa miezi minane, ambaye kadi yake ya kliniki haina pengo, na msichana wa miaka 16 aliye shule ya bweni. Kuwachanja wote watatu ni pesa nyingi kwetu. Tena nilidhani watoto walishachanjwa ugonjwa huo kliniki. Je, hawajachanjwa? Niwapeleke? (Mama wa wawili, South C)

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe, maana najua unahesabu shilingi. Mama mkwe achanjwe, tena wiki hii. Mdogo, maadamu anabaki hapa Nairobi, hahitaji sindano hiyo kwa sasa. Msichana wa bweni hana haraka, ila kuna mambo mawili matatu ya afya yake nitakuuliza huko mbele, na jibu lako laweza kubadilisha ushauri wangu. Swali lako la "si walishachanjwa?" nimeulizwa na wazazi wengi mno katika miaka yangu ya kutibu watoto. Kinachowachanganya ni jina la ugonjwa.

Tunasema "homa ya uti wa mgongo" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Kumbe ni uvimbe wa ngozi nyembamba zinazofunika ubongo na kushuka nao mgongoni, na wanaoweza kuuleta uvimbe huo ni wengi. Kuna kijidudu cha kifua kikuu. Kuna nimokoko, yule yule wa nimonia. Kuna Hib, bakteria anayewashika zaidi watoto wadogo. Kuna virusi, na kuna kuvu anayewashambulia watu wazima ambao kinga yao imeshushwa na virusi vya Ukimwi. Halafu kuna meningokoko, na huyu ndiye anayetajwa na ajenti wa mama mkwe. Kila mmoja ana mlango wake wa kuingilia na kila mlango una kufuli yake.

Chukua kadi ya mdogo uisome pamoja nami. Sindano ya kwanza kabisa, BCG, ile iliyoacha alama kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko, humkinga mtoto na kifua kikuu kinachopanda hadi ubongoni. Zile za wiki 6, 10 na 14 zina kinga ya Hib ndani ya pentavalenti, yaani sindano moja yenye kinga tano, na kando yake kuna ya nimokoko. Kwa hiyo mwanao amekingwa na homa ya uti wa mgongo ya aina tatu, tena zile zinazowatesa sana watoto wachanga wa nchi hii. Usizichukulie kuwa kitu kidogo kwa sababu ulipewa bure. Kenya ilianza kutoa kinga ya Hib mwaka 2001, na watafiti wa Kilifi waliofuatilia watoto wa chini ya miaka mitano walikuta ugonjwa mkali wa Hib umeshuka kwa asilimia 88 ndani ya miaka michache. Ya nimokoko ikafuata mwaka 2011, na huko huko Kilifi ugonjwa mkali unaoletwa na aina zilizomo ndani ya chanjo ukashuka kwa asilimia 92. Nilianza kazi wadi za watoto kabla ya chanjo hizo mbili. Nawakumbuka watoto waliotoka hai lakini hawasikii tena sauti za mama zao.

Kinga ya meningokoko ndiyo haimo kwenye kadi. Haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto wa Kenya, kwa hiyo ukiiona hospitali ya kulipia usidhani kuna nesi aliyeisahau kliniki.

Sasa huyu meningokoko ni nani, na kwa nini wasafiri wa Makka wanalazimishwa kumkinga? Anaishi kooni na puani mwa binadamu tu. Watu wengi, pengine mmoja katika kumi, hutembea naye bila hata mafua. Hupitishwa kwa mate na matone ya pumzi ya watu waliokaribiana kwa muda: wanaolala chumba kimoja, wanaobusiana, wanaonywea kikombe kimoja. Nje ya mwili hadumu, hivyo kukaa naye matatu moja kutoka Town hadi South C si jambo la kukunyima usingizi. Lakini akipata njia ya kuingia kwenye damu, anakimbia. Mtu anaweza kuamka na homa ya kawaida na jioni yake akawa anapigania maisha. Hata wakitibiwa, kati ya wagonjwa kumi mmoja hivi hufa, na miongoni mwa wanaopona, mmoja au wawili kati ya kumi hubaki na uziwi, kifafa, au kukatwa vidole na miguu.

Nairobi inamjua. Mwaka 1989, kati ya Aprili na Novemba, mji huu na viunga vyake ulikuwa na takriban wagonjwa 3,800. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Nakumbuka foleni ya chanjo iliyozunguka uwanja wa shule, na mwalimu wetu akituhesabu mara mbili asije akamwacha mmoja. Wakati huo sikujua kilichokuwa kikitokea. Baadaye, nikiwa chuoni, ndipo nilipojifunza kwamba kijidudu kile kilikuwa cha kundi A, cha ukoo ule ule uliozuka kwa mahujaji Makka mwaka 1987. Fikiria umati wa dunia nzima, bega kwa bega, kisha kila mmoja anarudi kwao na alichobeba kooni. Ndiyo maana Saudi Arabia haina mzaha na jambo hili, na mimi nawaunga mkono.

Nimetaja kundi A. Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu, na ningependa ukishike hata ukisahau mengine yote. Meningokoko amevaa koti la sukari, na makoti yako ya aina nyingi. Yanayoleta karibu magonjwa yote ni sita, nayo yamepewa herufi: A, B, C, W, X na Y. Mwili uliofundishwa kulitambua koti la A haulitambui la W. Kwa hiyo neno "chanjo ya meningokoko" halijakwambia lolote mpaka useme herufi.

Mwaka 2000 mahujaji wengi walikwenda Makka wakiwa wamechanjwa A na C tu. Ugonjwa uliozuka mwaka ule ulikuwa wa W. Walichanjwa, vyeti walikuwa navyo, na bado wakaugua, na baadhi yao wakawaambukiza watu wa nyumbani kwao waliporudi Ulaya na Asia. Miaka miwili baadaye, mwaka 2002, W hiyo hiyo ilileta mlipuko wa wagonjwa zaidi ya 12,000 nchini Burkina Faso. Tangu hapo Saudi Arabia inataka chanjo ya herufi nne: A, C, W na Y. Na wanaopuuza bado wanalipia. Mwaka 2024 Marekani, Ufaransa na Uingereza ziliripoti wagonjwa 12 waliohusiana na safari za Umra. Kumi walikuwa wasafiri wenyewe, na wawili walikuwa watu wao wa karibu waliobaki nyumbani. Wengi wa hao kumi na wawili hawakuwa wamechanjwa.

Kwa hiyo nesi wako hakubuni hofu. Mtu wa nyumbani anaweza kuambukizwa na aliyerudi. Ila dawa ya hofu hiyo ni kumchanja vizuri anayesafiri, na hapo kuna jambo moja la kuuliza dirishani.

Chanjo za herufi nne ziko za namna mbili. Ya zamani ina sukari ya koti peke yake. Inafundisha mwili kwa muda mfupi, haifanyi kazi vizuri kwa watoto wa chini ya miaka miwili, na haimwondoi kijidudu kooni, kwa hiyo aliyechanjwa anaweza kuwa salama mwenyewe huku akimpelekea jirani. Ya kisasa ina sukari hiyo ikiwa imeunganishwa na kipande cha protini, kwa mfano kile kinachotumika kwenye chanjo ya pepopunda. Mwili wa mtoto hauijali sukari tupu, lakini protini huishtukia, na ikija na sukari mgongoni hujifunza zote mbili na kukumbuka kwa miaka. Kwa baadhi ya herufi hupunguza pia idadi ya wanaombeba kijidudu. Mwombee mama mkwe hii ya pili. Kwenye boksi utaona majina kama Nimenrix, Menveo au MenQuadfi. Saudi Arabia huikubali kwa miaka mitano tangu siku ya sindano, ilhali ile ya sukari tupu huikubali kwa mitatu. Kama bei zinatofautiana, lipia tofauti hiyo. Ndiyo pesa utakayokuwa umewatumia wajukuu bila kuwachoma sindano.

Usishangae ukisikia jamaa wa Nigeria au Niger wakizungumzia chanjo nyingine. Kuna ukanda wa nchi kutoka Senegal hadi Ethiopia ambako ugonjwa huu huja na vumbi la kiangazi, na mwaka 1996 na 1997 uliwapata watu robo milioni na kuwaua takriban 25,000. Ukanda huo ulitengenezewa chanjo yake ya kundi A, MenAfriVac, kwa bei isiyofika nusu dola kwa dozi, ikaanzia Burkina Faso Desemba 2010. Naipenda sana hadithi hiyo. Ilithibitishwa kwamba inastahimili joto la hadi nyuzi 40 kwa siku nne, hivyo wahudumu waliweza kuibeba vijijini bila barafu. Kundi A, lile lililotusimamisha foleni mwaka 1989, halijathibitishwa kwa mgonjwa yeyote wa ukanda ule tangu 2017. Kisha C ikapata nafasi: mwaka 2017 Nigeria ilihesabu watu zaidi ya 14,000 walioshukiwa kuugua. Ndipo ikaja chanjo ya herufi tano, yenye A, C, W, Y na X, ambayo Nigeria ilikuwa ya kwanza duniani kuitumia, mwaka 2024. X ilikuwa haina chanjo kabisa kabla ya hapo, nayo si ngeni kwetu: ilizuka Pokot Magharibi mwaka 2005 na 2006.

Imebaki B, ambayo ina ujanja wake. Koti lake linafanana na sukari iliyopo kwenye seli za neva za binadamu, kwa hiyo mwili haulioni kuwa geni. Waliotengeneza chanjo ya B waliacha koti wakatumia protini zilizo juu ya ngozi ya kijidudu. Hiyo inatolewa sana Ulaya. Kwa safari ya Umra haitakiwi, na ukipewa hiyo badala ya herufi nne, cheti chako hakitakubaliwa. Nimemwona bibi mmoja aliyeletwa na mwanawe akiwa na risiti, maumivu ya mkono na herufi isiyo yake. Ilibidi achomwe upya, na siku zilikuwa zimebaki chache mno.

Turudi kwa watoto.

Mdogo hasafiri. Hapa Nairobi sasa hivi hatari yake kubwa ni ile ambayo kadi tayari imeishughulikia. Hakikisha tu dozi tatu za pentavalenti na tatu za nimokoko zimeandikwa tarehe, kisha akifika miezi tisa mpeleke achanjwe surua na rubela, arudie miezi kumi na minane. Ukiwa na pesa ya ziada na moyo wako hautulii, zipo chanjo za meningokoko zinazoruhusiwa kwa umri wake, ila huenda zikahitaji dozi zaidi ya moja. Siwezi kukukataza. Lakini ukiniambia pesa hiyo itoke kwenye chakula au kodi ya nyumba, nitakukataza.

Msichana wa bweni nimemfikiria zaidi, kwa sababu bweni ni mahali meningokoko anapopapenda: vijana wengi, vitanda vya ghorofa vilivyobanana, chupa moja ya maji kwa marafiki wanne. Uingereza na Marekani huwachanja vijana wa rika lake kama utaratibu. Hapa kwetu, pasipo mlipuko, naiona kama jambo zuri linaloweza kusubiri. Sasa maswali yangu. Je, ana selimundu, yaani sickle cell? Amewahi kutolewa bandama, ile ambayo wengine huiita wengu? Anaishi na virusi vya Ukimwi, au anatumia dawa zinazoshusha kinga? Kuna mpango wa kwenda kusoma nje, au kumsindikiza nyanya Umra? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, basi naye hana kusubiri, na daktari wake ataamua kama apewe dozi moja au mbili. Mtoto mwenye selimundu bandama yake huharibika mapema, na bandama ndiyo chujio linalowanasa vijidudu wenye koti kama hawa. Familia nyingi zenye ndugu magharibi mwa nchi au Pwani wana mtoto wa aina hiyo ambaye hakuna aliyewaambia kuhusu chanjo hii. Naomba mnaosoma hapa mfikishe ujumbe.

Na shule ikitangaza siku moja kwamba mwanafunzi amethibitishwa kuwa na meningokoko, usikimbilie chanjo kwanza. Chanjo huchukua siku kumi hivi kujenga kinga, ilhali ugonjwa hujitokeza kati ya siku mbili na kumi. Waliolala naye bweni moja na waliokaa naye karibu sana hupewa dozi ya antibiotiki, kwa kawaida siprofloksasini au seftriaksoni, haraka, ikiwezekana ndani ya saa 24. Chanjo huja nyuma yake kwa uamuzi wa maafisa wa afya wa kaunti. Mpigie mwalimu, uliza mwanao alilala wapi, na usikubali jibu la "tunafuatilia" likapita siku mbili.

Nyanya akirudi salama, mpokeeni mkambusu, mle tende. Kwa siku kumi za kwanza fungueni macho tu. Mtu yeyote wa nyumbani akipata homa kali na kichwa kinachouma kisivyozoeleka, shingo ngumu, kutapika, kukerwa na mwanga, au usingizi usioeleweka, aende hospitali usiku huo huo. Kwa mtoto mchanga shingo inaweza isikaze: utaona anakataa titi, analia kilio chembamba akibebwa, au utosi umefura. Vipele vya damu chini ya ngozi visivyofifia ukivibonyeza na glasi ni dalili mbaya sana, na kwa ngozi zetu nyeusi huwa vimejificha. Tazama viganja, nyayo, ndani ya kope na paa la mdomo. Usianze na dawa ya malaria ya kemisti. Nairobi yenyewe ina malaria kidogo, na saa sita za kusubiri homa ishuke ndizo zinazoamua mengi. Ukifika, sema kwa sauti: "Nyumbani kuna mtu ametoka Umra." Sentensi hiyo humfanya daktari abadili mwendo.

Huenda akataka kutoa maji ya mgongo. Najua linalosemwa mitaani, kwamba anayetolewa maji hayo hafiki asubuhi. Wanaotolewa ni wale ambao tayari ni mahututi, ndiyo maana sindano imesingiziwa vifo vya ugonjwa. Inaingia chini ya pale uti wenyewe wa neva unapoishia, na maji yale hutuambia ni kijidudu gani na dawa gani. Nimewasihi baba wengi kwenye korido saa nane za usiku kuhusu jambo hili. Tafadhali mzungumzie nyumbani mapema, mkiwa wazima.

Kuhusu sindano yenyewe: haina kijidudu hai, haiwezi kumpa mama mkwe ugonjwa. Mkono utauma siku moja au mbili, labda na kichwa na uchovu. Akae kituoni dakika kumi na tano baada ya kuchomwa. Kama anatumia dawa za presha au sukari aendelee nazo, ila kama anatumia za kuzuia damu kuganda aseme kabla.

Mchanjieni mahali penye friji ya chanjo, na msinunue kemisti mkaibeba wenyewe. Baba mmoja aliniletea dozi aliyoinunua mjini akaisafirisha hadi Kayole mchana wa jua, ndani ya bahasha ya khaki mfukoni mwa koti. Chanjo hizi hutakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8. Nilimwonyesha bahasha ile ilivyokuwa na joto la mwili wake, akakaa kimya, na mimi sikuwa na la kumfariji.

Saudi Arabia inataka sindano iwe imechomwa si chini ya siku kumi kabla ya kuwasili. Kwa hiyo mkienda kesho au keshokutwa mko salama. Abebe pasipoti yake ili jina kwenye cheti lifanane nayo herufi kwa herufi, mwangalie nesi akiandika tarehe, jina la chanjo na namba ya toleo, na kabla sindano haijafunguliwa mwombe akusomee kilichoandikwa kwenye boksi: A, C, W, Y.